Filamu za Oscar 2024 kwa wazee: ipi uwawekee, ipi uigawe, ipi uiache

Mzee akiinuka katikati ya filamu na kusema anakwenda kulala, usidhani kilichomchosha ni urefu. Watu waliowahi kukaa barazani kusikiliza kesi ya shamba kuanzia asubuhi hadi jua linazama hawaogopi urefu. Mara nyingi sababu ni moja kati ya hizi tatu: hasikii maneno, hadithi imeruka miaka kumi bila kumuaga, au kitanda kimetokea kwenye skrini huku mkwewe amekaa kiti cha pembeni. Sanamu ya dhahabu haimsaidii kwa lolote kati ya hayo.

Filamu zilizowania tuzo za Oscar zilizotolewa tarehe 10 Machi 2024 zinafaa sana kulinganishwa kwa kipimo hicho. Nyingi zinazungumzia mambo ambayo mtu wa miaka sitini na kitu ana la kusema juu yake: urithi, ndoa ya kale, mama anayepoteza kumbukumbu, mwalimu mkali wa bweni, kijana aliyeondoka bila kuaga. Tatizo ni namna zilivyotengenezwa. Kwa hiyo hapa hatuulizi ipi ni bora duniani. Tunauliza ipi itafika mwisho sebuleni hapa mkoani Kigoma, iwe Mwanga, Ujiji au Kasulu, mbele ya TV ya inchi 32 au projekta na ukuta mweupe, mjukuu akiwa mkalimani. Maandishi ya chini ya Kiswahili usiyategemee. Filamu hizi kwa kawaida utazipata na ya Kiingereza au Kifaransa.

Huyo mkalimani ndiye anayeamua karibu kila kitu. Kizazi cha kibanda umiza kimezoea sauti ya mtu juu ya picha, na tafsiri ya mdomo haiwasumbui wazee hata kidogo. Ila kuna filamu zinazotafsirika kwa mdomo na nyingine hazitafsiriki, na hilo halitegemei ugumu wa Kiingereza chake. Linategemea kama hadithi inakwenda mbele moja kwa moja, na kama kuna mwanya wa kimya baina ya maneno.

| Filamu | Dakika | Lugha | Kazi ya mkalimani | Angalizo mbele ya familia |
|---|---|---|---|---|
| Oppenheimer | 180 | Kiingereza | nzito mno | utupu, zaidi ya mara moja |
| Killers of the Flower Moon | 206 | Kiingereza, Ki-Osage | wastani | mauaji |
| The Holdovers | 133 | Kiingereza | nzito kiasi | matusi, pombe |
| American Fiction | 117 | Kiingereza | nzito | matusi |
| Anatomy of a Fall | 151 | Kifaransa, Kiingereza | nzito | ugomvi wa ndoa |
| The Zone of Interest | 105 | Kijerumani zaidi | nyepesi | hofu iliyo kwenye sauti |
| Past Lives | 106 | Kikorea, Kiingereza | wastani | hakuna |
| Nyad | 121 | Kiingereza | nyepesi | unyanyasaji wa utotoni, kwa kugusia |
| Io Capitano | 121 | Kiwolof, Kifaransa | nyepesi | mateso gerezani |

Saba za kwanza ziliwania tuzo ya filamu bora. Nyad iliwania kwa waigizaji wake wawili, Annette Bening na Jodie Foster, na Io Capitano iliiwakilisha Italia kwenye filamu ya kimataifa.

Saa ya kuanza

Kigoma jua linazama karibu dakika arobaini baada ya Dar es Salaam. Ukianza saa kumi na moja kasorobo, alasiri ikiwa imeshaswaliwa, una saa mbili hivi kabla ya magharibi. Ndani ya nafasi hiyo zinaingia Nyad, Past Lives, The Zone of Interest, Io Capitano na American Fiction, kwa sharti kwamba husimamishi picha ili kutafsiri. Ukisimamisha, ongeza robo ya muda, pengine zaidi. Ya dakika 105 itakula saa mbili na ushee. Hapo inakuja shida ya pili: saa kumi na moja bado jua ni kali, na ukiwa na projekta ukuta unageuka kijivu na sura hazionekani. Kanga moja dirishani haitoshi, weka kitenge kizito au blanketi. TV haina tatizo hilo, ila isielekezwe mlangoni.

Baada ya isha mambo ni rahisi kwa giza na magumu kwa usingizi. Killers of the Flower Moon ikianza saa mbili na robo usiku itaisha saa sita kasoro dakika ishirini, bila kusimama hata mara moja kwenda uani. Mzee anayetumia dawa za presha zinazokojoza hawezi. Ndiyo maana hiyo na Oppenheimer hazilinganishwi na hizi nyingine. Linganisha hizo mbili peke yake.

Mbili ndefu: bomu au mafuta

Oppenheimer ilichaguliwa kuwania tuzo 13 ikabeba 7, ikiwemo ya filamu bora. Killers of the Flower Moon iliwania 10 ikaondoka mikono mitupu. Kwa wazee geuza matokeo hayo.

Killers inasimulia yaliyowapata Waosage, wenyeji asilia wa Marekani, huko Oklahoma miaka ya 1920. Mafuta yaligunduliwa kwenye ardhi yao, na mgao wa fedha za mafuta ukawa unarithiwa ndani ya familia. Wazungu wakaanza kuoa mabinti wa Kiosage, kisha ndugu za mke wakaanza kufa, mmoja mmoja. Huhitaji kueleza zaidi ya hapo. Mtu yeyote aliyeona mgogoro wa mirathi anajua kinachofuata, na kabla ya saa ya kwanza kwisha wazee watakuwa wameshamtaja mhusika mkuu wa njama, mfugaji tajiri William Hale anayeigizwa na Robert De Niro, huku filamu yenyewe wala haijifichi. Wengine watamgombeza mkwe, Ernest, mwanamume anayempenda mkewe kweli na bado anatii kila anachoambiwa na mjomba. Ubishi huo ndio utamu wenyewe. Mke, Mollie, ana kisukari, na anachomwa insulini iliyokuwa dawa ngeni kabisa wakati ule. Kina mama wenye sukari watamwangalia kwa jicho lingine kila sindano inapotolewa, waachie waseme.

Hadithi inakwenda mbele kwa mpangilio, sura ni chache, na watu wanaongea taratibu. Baadhi ya maneno ya Ki-Osage yameachwa makusudi bila tafsiri, basi mkalimani asihangaike, asome nyuso tu. Igawe usiku mara mbili. Pa kukatia pako wazi: baada ya kama saa mbili, afisa wa upelelezi aliyetumwa kutoka Washington anabisha hodi mlangoni kwa Ernest. Simamisha hapo. Usiku wa pili ni uchunguzi na kesi. Wenye filamu walizikataza kumbi za Ulaya kuweka mapumziko katikati. Sebuleni kwako hakuna wa kukuzuia.

Oppenheimer ni kazi nyingine kabisa. Inarukaruka baina ya ujana wa Oppenheimer, mwanafizikia wa Marekani aliyeongoza utengenezaji wa bomu la nyuklia, mradi wenyewe wa miaka ya vita, mahojiano ya 1954 ya kumnyang'anya kibali cha siri za serikali, na kikao cha Seneti cha 1959 kilichomhusu mpinzani wake Lewis Strauss. Majina ya wanasayansi yanapita kama vituo vya reli mtu akiwa kwenye treni isiyosimama. Ukitafsiri mstari mmoja, mitatu imeshakupita. Kuna njia moja tu ya kuiokoa: mkalimani awashike watu wawili, Oppenheimer na Strauss, wengine wote wawe "wenzake" au "wakubwa". Picha ikiwa ya rangi, tunaona upande wa Oppenheimer. Ikigeuka nyeusi na nyeupe, tumehamia kwa Strauss. Kila inapogeuka, atangaze kwa neno moja. Wazee wakishashika mchezo huo wanaanza kutangaza wenyewe.

Ina tatizo la sauti pia. Muziki unapanda juu ya maneno, hata wenye Kiingereza chao walilalamika. Na lipo jaribio la bomu lililoitwa Trinity, la tarehe 16 Julai 1945, linalofika kama saa mbili zikishapita. Mwanga unaonekana kwanza, kimya kinatanda, na mshindo unachelewa sana kufika. Hapo ndipo mwenye rimoti hudhani sauti imekatika, akaongeza. Usiguse kitu. Ukiongeza, sabufa itaangusha vikombe. Saa ya tatu yote ni maneno na siasa za ofisini, na wengi watakuachia hapo. Kuhusu utupu, sehemu ya kwanza utaiona inakuja, lakini nyingine inatokea ndani ya chumba cha mahojiano penyewe, mahali ambapo hutarajii. Weka kidole kwenye rimoti mara mke wa Oppenheimer anapoanza kumtazama kutoka kiti cha nyuma yake.

Sasa, Kigoma kuna sababu moja ya kuiweka hata hivyo, nayo ni ya ng'ambo ya ziwa. Sehemu kubwa ya uraniamu ya mradi ule ilitoka Shinkolobwe, Katanga. Edgar Sengier wa kampuni ya Union Minière alikuwa ameshapeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe yale New York kabla Marekani haijaingia vitani. Mzee aliyefanya biashara Kalemie au Lubumbashi ukimweleza hilo kabla ya kubonyeza kitufe, atatazama filamu nzima akiwa na swali lake mwenyewe, kwamba waliochimba wako wapi. Hatawaona. Maongezi ya baadaye yatakuwa marefu kuliko filamu.

Kama una usiku mmoja tu, usiweke yoyote kati ya hizi mbili. Kama una usiku mara mbili, Killers.

The Holdovers na American Fiction: kwa waliosoma

Hizi zinafaa kwa wazee wenye Kiingereza cha shule, walimu wastaafu, makarani wa zamani wa reli na bandari. Bila Kiingereza, zote mbili ni mazungumzo mfululizo na mkalimani atakauka koo.

The Holdovers ni ya Desemba 1970, shule ya bweni ya wavulana huko New England. Mwalimu wa historia asiyependwa na mtu, mwanafunzi ambaye mamaye hakumchukua likizo, na mpishi Mary aliyefiwa na mwanawe vitani Vietnam, wamebaki shuleni sikukuu. Waliosoma bweni Tabora miaka hiyo watamtambua mwalimu kabla hajafungua mdomo. Paul Giamatti ndiye mwalimu, naye anatamka maneno kwa utuvu, kila herufi inasikika, kitu adimu kwenye orodha hii. Da'Vine Joy Randolph alichukua Oscar ya mwigizaji msaidizi kwa nafasi ya Mary, na wazee wanawake ndiye wanayemfuata, hata kama hadithi inadhani ni ya hao wengine wawili.

Mambo mawili ya kujua mapema. Picha imefanywa ionekane ya 1970, ina chembechembe na michirizi. Mtu atakwambia nakala yako mbovu, mwambie ndivyo ilivyo. Na mwanzoni kuna wavulana kadhaa wanaogombana, usipoteze nguvu kukariri majina yao. Wengi wanachukuliwa kwa helikopta, wanabaki watatu, mwalimu, Mary na mvulana mmoja, na hapo ndipo filamu inaanza kweli. Matusi yapo, ya wavulana wa bweni.

American Fiction ina mambo mawili ndani yake. Moja ni kejeli kuhusu mwandishi mweusi wa Marekani anayeandika kitabu cha kipuuzi cha "maisha ya weusi" kwa hasira, kikanunuliwa kwa fedha nyingi. Utani wake uko kwenye lafudhi na kwenye desturi za wachapishaji, na ukiutafsiri unakufa. Jingine ni nyumba: mama Agnes anaanza kusahau, anatoka usiku, watoto wanaulizana nani atakaa naye na gharama zitatoka wapi, na yule dada wa kazi wa miaka mingi, Lorraine, anapata mchumba uzeeni. Sehemu hiyo haihitaji tafsiri kabisa. Tatizo ni kwamba huwezi kuitoa ya pili ukaiacha ya kwanza. Zaidi ya hapo, mwisho unajirudia kwa namna tofauti tofauti, kwa makusudi, na asiyeambiwa atadhani flashi imeharibika.

Chagua The Holdovers. American Fiction iweke pale tu ambapo kuna familia inayomuuguza mzazi aliyepoteza kumbukumbu na inatafuta pa kuanzia kulizungumza, na hata hapo mzazi mwenyewe asiwepo.

Mahakama ya Grenoble au ukuta wa Auschwitz

Anatomy of a Fall inaanza na mwanamume kuanguka kutoka ghorofani katika nyumba ya milimani Ufaransa. Je, alisukumwa, alijirusha, au aliteleza? Mke anashtakiwa, na shahidi mkuu ni mtoto wao mwenye uoni hafifu. Kwa Kigoma filamu hii ina bahati ambayo haina Dodoma: wazee waliokulia Kongo au Burundi, waliosoma kwa Kifaransa, hapa wanakuwa wakalimani badala ya wajukuu. Wape nafasi hiyo, wataifurahia. Lakini mke ni Mjerumani anayekimbilia Kiingereza kila akibanwa, kwa hiyo utahitaji watu wawili wakipokezana. Ikiwezekana, mmoja akae kushoto na mwingine kulia.

Mwanzoni muziki unapigwa kwa kelele ukirudiarudia juu ya mahojiano. Ni makusudi, mwanamume yuko ghorofani anaupiga. Wazee watalalamika, punguza sauti kwa dakika hizo kumi za mwanzo, kisha urudishe. Sehemu bora ni ugomvi wa mume na mke uliorekodiwa na kusikilizwa mahakamani. Waliowahi kukaa baraza la usuluhishi la kata watakaa mbele kabisa ya kiti. Ila ujue wengine watakasirika mwishoni: hukumu inatoka, lakini hakuna anayekuja kukuonyesha kilichotokea.

The Zone of Interest ni fupi, maneno machache, mkalimani atapumzika. Ndiyo maana wengi huichagua kwa makosa. Inaonyesha familia ya mkuu wa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi wa Ujerumani, Rudolf Höss, bustani yao, watoto wao, bwawa lao la kuogelea, na ukuta. Mauaji hayaonekani hata mara moja. Yanasikika: risasi, mayowe, tanuri, mbwa, vyote kwa mbali nyuma ya mazungumzo ya kawaida. Ilipata Oscar ya sauti na ilistahili. Sasa fikiria spika ndogo za TV zinazotazama ukutani, na mzee aliyepungukiwa usikivu. Kinachobaki ni mwanamke anayepalilia maua kwa saa moja na dakika arobaini na tano.

Kama unaiweka hata hivyo, eleza kwanza, kwa dakika tano, Auschwitz ilikuwa nini. Wengi wa kizazi hiki vita vya pili wanavijua kwa Burma na King's African Rifles, hawavijui kwa kambi za Ulaya. Kisha waonye kuhusu skrini: inaanza nyeusi tupu kwa dakika mbili na zaidi, muziki ukisikika. Umeme upo, waya haijachomoka. Katikati inageuka nyekundu tupu. Na kuna sehemu za usiku ambapo msichana anaonekana mweupe kwenye giza kama picha ya eksirei. Ni kamera ya joto, anaficha matunda ili wafungwa wayapate.

Kati ya hizi mbili, Anatomy kwa wenye Kifaransa. Zone iache kwa kijana mwenye hedifoni.

Zinazotafsirika: Nyad, Io Capitano, Past Lives

Nyad ndiyo rahisi kuliko zote, na Kigoma inafaa kuliko mahali pengi. Diana Nyad alijaribu kuogelea kutoka Kuba hadi Florida mwaka 1978 akiwa na miaka 28, akashindwa, akarudi tena baada ya kutimiza sitini, akafika 2013 akiwa na miaka 64. Umbali ni kilomita 177 hivi, zaidi ya mara mbili ya upana wa Ziwa Tanganyika pale lilipo pana zaidi. Ukisema hivyo tu Kibirizi, umepata wabishi wa jioni nzima. Wavuvi hawatamtazama muogeleaji sana. Watamtazama nahodha, John Bartlett, anayepiga mahesabu ya mkondo wa Gulf Stream kwenye karatasi na kusema lini waingie majini na lini wasubiri. Watamkosoa pia. Kina mama watamtazama rafiki yake Bonnie, anayemlisha kwa mrija kutoka kwenye mashua na kuvumilia ukaidi wake. Mkalimani anahitaji kueleza mambo matatu: kwa nini hatumii wavu wa kuzuia papa, yule kiumbe laini anayechoma ni nini, na kwa nini haruhusiwi kuishika mashua. Kuna kumbukumbu fupi za kocha aliyemdhulumu utotoni. Hazionyeshi mengi, lakini wenye wajukuu wadogo wawatoe. Waogeleaji wa masafa wenyewe bado wanabishania kumbukumbu za safari ile, na hilo usiliseme hadi iishe.

Io Capitano inafuata vijana wawili wa Dakar, Seydou na binamu yake Moussa, wanaomdanganya mama na kuondoka kwenda Ulaya kupitia Niger, Sahara na Libya. Safari moja, njia moja, hakuna kurudi nyuma. Mji huu umewapokea waliovuka ziwa usiku kwa miaka mingi, na wilaya ya Kasulu ina kambi ya Nyarugusu, hivyo hakuna wa kuelezwa mkimbizi ni nini. Maoni ya wazee yatagawanyika mapema sana, pale vijana wanapokwenda kwa mganga na makaburini kuomba ruhusa ya wahenga. Wengine watasema hapo ndipo walipokosea, wengine watasema walipokosea ni kwa mama. Mateso ya gereza la Libya ni makali na yanachukua muda. Mwenye kijana aliyepotelea safarini usimkaribishe bila kumwambia kilichomo.

Hizi mbili zinalingana kwa urefu na kwa wepesi. Nyad iwe ya kwanza, kwa kundi lisilozoeana. Io Capitano iwe ya kundi linaloweza kukaa kimya pamoja baadaye.

Past Lives haina mambo ya kitandani, haina damu, haina tusi la kukufukuza mtu sebuleni. Mwanamke aliyehama Korea akiwa na miaka 12 anatembelewa New York na rafiki wa utotoni, miaka 24 baadaye, mumewe akiwapo. Polepole sana. Mtu akisinzia kwa dakika tano hajapoteza kitu. Mjadala utatokea kwenye meza ya baa, mume amekaa pembeni wakati wawili hao wanaongea Kikorea asichokielewa. Wazee wengi wa kiume watamwona mume dhaifu, na wake zao watamwona mwanamume pekee mwenye adabu mle ndani. Imani ya Kikorea kwamba watu huonana kwa sababu walishaonana maisha yaliyopita, ieleze kama imani ya watu wale, usonge mbele.

Kuna nyingine ya jirani, Bobi Wine: The People's President, iliyowania tuzo ya filamu ya matukio halisi. Waliokwenda vita vya Kagera watakuwa na mengi ya kusema kuhusu Uganda ya baadaye. Damu yake ni ya kweli, si rangi.

Barbie inategemea mwanasesere ambaye bibi zetu hawakuwahi kumnunua. Maestro ni nzuri kwa macho, na sehemu yake ya mwanzo ni nyeusi na nyeupe, lakini watu wanaongea wote kwa mpigo. Poor Things ilipata Oscar nne, na mbele ya wakwe haipiti dakika ya arobaini.

Sauti kwanza, picha baadaye

Uzee unaanza kuchukua sauti nyembamba: s, f, t, k. Mzee anasikia kwamba mtu anaongea lakini maneno hayakatiki. Ukiongeza sauti yote, besi inapanda nayo na inazidi kufunika. Fanya hivi: shusha besi ya sabufa karibu na sifuri, pandisha trebo, na sabufa yenyewe ichomoe kabisa kama mazungumzo ndiyo filamu, kwa mfano The Holdovers. Kwenye TV tafuta modi ya sauti iliyoandikwa Speech au Clear Voice kwenye menyu. Mkalimani akae upande wa sikio zima la mzee, na atafsiri baada ya tukio, asirudie kila mstari: nani, anataka nini, kimebadilika nini.

Picha ikionekana bila sauti kwenye TV, mara nyingi sauti ya faili ni ya aina ya DTS ambayo TV haiisomi. Chezesha kwa laptopu yenye programu ya VLC na waya wa HDMI. Sauti bila picha, au TV kusema faili haitambuliki, mara nyingi picha ni ya aina ya HEVC ambayo TV ya zamani haiisomi, na dawa ni ileile. Faili ya maandishi ya chini iwe na jina lilelile la filamu, ikae folda moja nayo, iishie na .srt. Maandishi yakitangulia au kuchelewa, kwenye VLC ya laptopu bonyeza G au H hadi yalingane na midomo. Ongeza ukubwa wake na uyaweke ya njano yenye ukingo mweusi. Meupe yanapotea kwenye theluji ya Anatomy.

Nyad na Maestro ni za Netflix, Killers ni ya Apple. Netflix ya simu inaruhusu kushusha kabla, na kwa ubora wa kawaida hesabu GB 1 kwa saa, kwa HD hadi 3. Shusha usiku uliotangulia. Kisha icheze dakika tano za katikati, siyo za mwanzo, kwa sauti utakayotumia, ukiwa umekaa kwenye kiti cha mzee anayesikia kwa shida kuliko wote.